Emitaï: Uasi Uliozimwa na Safari ya Kuutafuta Kwenye Sinema

Anayetaka kutazama Emitaï leo akiwa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura hatapata jibu la sentensi moja. Filamu ipo. Ousmane Sembène aliitengeneza Senegal mwaka 1971, ikapata tuzo ya fedha katika tamasha la filamu la Moscow mwaka huohuo, na mwaka 2024 kampuni ya Criterion ya Marekani iliitoa upya kwenye diski pamoja na filamu zake nyingine mbili, Xala na Ceddo. Lakini filamu kuwapo duniani ni jambo moja, na kuwapo pale mkazi wa Temeke au Likoni anapoweza kuiona ni jambo jingine kabisa. Sababu za umbali huo si za kiufundi peke yake. Filamu hii inasimulia wakulima walioshindwa, na walioshindwa mara nyingi hukosa mtu wa kuwatunzia kumbukumbu.

Nianze na hadithi yenyewe, maana bila kuijua mtu hawezi kuona kwa nini inafaa kutafutwa kwa bidii.

Tuko Casamance, kusini mwa Senegal, chini ya Gambia, katika nchi ya Wadiola. Ni nchi ya mito, mikoko na majaruba ya mpunga. Wanaume hulima kwa kajendo, koleo la mpini mrefu sana. Wanawake hupandikiza miche na kuvuna. Mpunga ulioko ghalani una heshima yake, una nafasi katika ibada, na mtu hautoi ovyo. Ni wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ufaransa imeangushwa na Ujerumani mwaka 1940, na serikali ya Marshal Pétain iliyoko Vichy ndiyo inayoamuru pia Afrika Magharibi. Wakoloni wanaingia vijijini kuchukua vijana wa kupeleka jeshini. Baadaye wanarudi kuutaka mpunga wenyewe, ili uliwe na askari.

Wanawake wanauficha. Wanaume, wakiongozwa na mzee Djiméko, wanajadiliana, wanatambika, wanainuka na mikuki dhidi ya bunduki. Djiméko anajeruhiwa na kufa. Mkuu wa kikosi anawakusanya wanawake kiwanjani na kuwakalisha juani hadi waume zao watakaposalimu amri. Kwa muda mrefu filamu inakaa hapo: wanawake wakiwa kimya chini ya jua, wanaume wakibishana porini mbele ya madhabahu zao kama miungu imewatupa au inawajaribu. Mwishoni wanaume wanaanza kuubeba mpunga kuupeleka. Kisha wanasita, wanatua mizigo yao. Skrini inakuwa nyeusi, na milio ya bunduki inasikika gizani.

Sembène hakuibuni hali hii. Alizaliwa Ziguinchor, mji mkuu wa Casamance, mwaka 1923, na mwaka 1944 yeye mwenyewe aliingia katika jeshi la Ufaransa, miongoni mwa askari wa Kiafrika ambao Afrika Mashariki tungewafananisha na Keya wa Waingereza. Miaka hiyohiyo ya vita, kijiji cha Kabrousse huko Casamance kilitoa mwanamke kijana, Alinsitowe Diatta, aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani Dakar kabla ya kurudi kwao na kuanza kufundisha. Aliwahimiza Wadiola kushika mpunga wao wa asili na ibada ya kuomba mvua, na kuuweka kando ushawishi wa wakoloni wa kulima karanga za kuuza. Wafaransa walimkamata mwanzoni mwa mwaka 1943 na kumpeleka uhamishoni hadi Timbuktu, alikofariki mwaka 1944. Watu wa kwao walikaa takriban miaka 40 bila kuthibitishiwa kifo chake. Sembène hakutengeneza filamu ya maisha ya Alinsitowe. Aliuchukua moyo wa msimamo ule akaugawa kwa wanawake wote wa kijiji chake, ndiyo maana katika Emitaï hutapata shujaa mmoja wa kumshikilia kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameshaanza kuitafuta Maji Maji katika haya, na ana haki. Julai 1905, katika vilima vya Matumbi, watu wa Nandete walianza uasi kwa kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa ameshawapa watu dawa na imani ya kuungana. Wajerumani walimnyonga Agosti 4 mwaka huo. Hapa zao linang'olewa, kule zao linafichwa, lakini ugomvi ni uleule: nani ana amri juu ya kile mkono wa mkulima unachokitoa ardhini. Na swali linalowatesa wazee wa Emitaï, kwamba tufanye nini ikiwa nguvu tuliyoitegemea haikuzuia risasi, ndilo lililowakabili watu waliokwenda kulishambulia boma la Mahenge mwishoni mwa Agosti 1905.

Ubora wa Sembène ni kwamba halijibu swali hilo haraka. Wako wanaotazama mabishano ya wazee na kusema filamu inazorota. Mimi naona hapo ndipo penye kiini chake. Mzee mmoja anataka kupigana, mwingine anahesabu watoto waliobaki, wa tatu anaogopa kuwaudhi miungu zaidi. Hakuna mjinga kati yao. Sinema nyingi za uasi humpa mtazamaji kiongozi mwenye kauli kali na msaliti mwenye macho ya kukwepa, kisha kushindwa kunaelezwa kwa usaliti. Sembène ameondoa njia hiyo rahisi. Tunaona watu wenye akili timamu wakiishiwa na chaguo, moja baada ya jingine, huku wake zao wakiendelea kukaa juani. Na tofauti anayoichora kati ya pande hizo mbili ni ya wazi: wanaume wana maneno mengi na hawafikii uamuzi, wanawake hawana hata hotuba moja na uamuzi wao hauyumbi.

Kuna tukio jingine ambalo kila mtu aliyeiona filamu hii hulikumbuka. Ukutani kuna picha ya Marshal Pétain. Siku moja inaletwa amri: ibanduliwe, ibandikwe ya de Gaulle. Askari wa Kiafrika wanashangaa. Pétain ana nyota saba, huyu mpya ana mbili. Tangu lini mwenye nyota mbili akamwondoa mwenye saba? Wanauliza kwa dhati, kwa sababu jeshi limewafundisha kuhesabu nyota. Wanakijiji hawapati nafuu yoyote kutokana na mabadiliko hayo. Mpunga unaendelea kudaiwa kwa jina la Ufaransa iliyo huru kama ulivyodaiwa kwa jina la Ufaransa iliyosalimu amri. Kwa Mfaransa wa mwaka 1971 aliyelelewa akiamini kwamba de Gaulle ndiye aliyefuta aibu ya Vichy, tukio hilo lilikuwa gumu kumeza.

Hapo ndipo historia ya filamu kutoonekana inapoanzia. Emitaï ilizuiwa kuonyeshwa katika nchi kadhaa za Afrika zilizokuwa makoloni ya Ufaransa. Serikali hizo zilikuwa huru kwa bendera, lakini hazikutaka kumuudhi mfadhili. Athari ya marufuku ya namna hiyo haiishii kwenye mwaka wake. Filamu ikikosa kumbi, nakala chache huchapishwa. Nakala zikiwa chache, zinazochakaa hazibadilishwi. Miaka 20 ikipita, hata marufuku ikisahaulika, hakuna cha kuonyesha. Sembène alikumbana na hali kama hiyo tena kwa Ceddo, iliyozuiwa Senegal kwenyewe, na kwa Camp de Thiaroye ya mwaka 1988, inayohusu askari wa Kiafrika waliouawa na jeshi la Ufaransa karibu na Dakar mwaka 1944 kwa kudai malipo yao.

Linganisha na uasi mwingine wa wakulima ulioshindwa. Mwaka 1573 wakulima wa Kroatia na Slovenia waliinuka dhidi ya mabwana zao, wakapigwa katika majira ya baridi, na kiongozi wao Matija Gubec akauawa Zagreb. Mwaka 1975, chini ya serikali ya Yugoslavia, Vatroslav Mimica alitengeneza filamu kubwa ya kihistoria kuhusu uasi huo, Seljačka buna. Huko Hungary nako, mwaka 1972, Miklós Jancsó alitengeneza Még kér a nép, kuhusu maasi ya wakulima ya mwishoni mwa karne ya 19, akapata tuzo ya mwongozaji bora huko Cannes. Serikali za huko ziliwahesabu wakulima walioshindwa kuwa mababu wa taifa la wafanyakazi, na hivyo studio za umma zikalipa na hifadhi za taifa zikatunza. Mtu anaweza kuwa na maswali mengi kuhusu siasa za serikali hizo, na mimi ninayo. Lakini filamu zilipata mlezi. Filamu za Jancsó zimekarabatiwa kwa kazi ya taasisi ya filamu ya Hungary, na leo anayezitafuta anajua mlango wa kubisha.

Emitaï haikuwa na mlango wa aina hiyo kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo sababu mlango wake mkubwa wa sasa uko Marekani. Seti ya Criterion ndiyo njia iliyo bora kwa picha na sauti, lakini ina kikwazo ambacho ni afadhali kukijua kabla ya kutuma fedha. Diski za Blu-ray zimegawiwa kanda za dunia. Za Criterion za Marekani ni za kanda A, inayohusu Amerika na sehemu ya Asia. Afrika yote, pamoja na Ulaya na Ghuba, iko kanda B. Deki ya kawaida iliyonunuliwa Kariakoo, Muscat au Berlin itaikataa diski hiyo. Inahitajika deki iliyofunguliwa kwa kanda zote. Mtandao wa Criterion wa kutazamia filamu nao huuzwa kwa waliopo Marekani na Kanada tu. Kwa hiyo Mswahili wa Toronto au Minneapolis ana njia fupi kuliko mjukuu wa Alinsitowe aliyeko Kabrousse, na mara nyingi anaweza hata kuiazima diski bure, kwa kuwa maktaba nyingi za vyuo vikuu na za miji huko hununua seti za namna hii.

Mipaka hiyo haitokani na uchoyo wa kampuni moja. Haki za kuonyesha filamu huuzwa kwa nchi na kwa muda. Anayenunua haki za Marekani hana ruhusa ya kuonyesha Kenya, na kama hakuna aliyenunua haki za Kenya, filamu haionyeshwi Kenya kihalali hata kama hakuna anayeikataza. Marufuku ya serikali ya zamani na ukimya wa soko la leo humfikisha mtazamaji mahali palepale.

Wengi watasema ipo kwenye YouTube, wamalize. Nakala za filamu za Sembène hujitokeza huko na kutoweka. Sitamlaumu mtu aliyeko mbali na kila kitu akianza hapo, ila anachokiona kwa kawaida ni nakala iliyofifia, iliyokatwa pembeni, yenye sauti ya kukwaruza. Emitaï inaumizwa na hali hiyo kuliko filamu nyingine. Sehemu yake kubwa ni kimya cha watu waliokaa, na kimya kwenye simu ndogo, bando likisuasua, kinaonekana kama hitilafu. Mwisho wake ni mbaya zaidi. Skrini nyeusi yenye milio ya risasi, kwa mtu anayetazama kwenye simu, inafanana na video iliyokwama. Anaweza kuifunga akidhani mtandao umekatika, na asijue kwamba ameukosa uamuzi mzito kuliko yote wa mwongozaji, wa kutotuonyesha maiti.

Njia ninayoipendekeza kwa watu wa Afrika Mashariki ni maonyesho ya pamoja, yanayoombwa kihalali. Yapo mazingira yanayoifanya iwezekane. Taasisi ya utamaduni ya Ufaransa ina hazina maalumu ya filamu za Afrika, na huazimisha filamu zake kwa maonyesho yasiyo ya biashara kupitia vituo kama Alliance Française, vilivyoko Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Ouagadougou kuna hifadhi ya filamu za Afrika iliyokua pamoja na tamasha la FESPACO, ambalo Sembène alikuwa miongoni mwa waasisi wake mwaka 1969. Karatasi zake binafsi zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Tamasha la filamu la Zanzibar, linalofanyika tangu 1998, lina ukumbi wa wazi Ngome Kongwe unaoifaa filamu ya aina hii. Klabu ya chuo, jumba la makumbusho au shule inayotaka kuonyesha Emitaï ianze na kituo cha utamaduni kilicho karibu, iulize nani anashikilia haki za maonyesho kwa nchi husika, na iombe ruhusa ya maandishi yenye tarehe, mahali na idadi ya watazamaji. Katika barua hiyo kuna mambo mawili ya kusisitiza: iwe nakala yenye Kidiola na Kifaransa kama ilivyotengenezwa, isiyoingizwa sauti za lugha nyingine, na iwe kamili, yaani inayokaribia saa moja na dakika arobaini.

Lugha ndiyo kizuizi kinachobaki hata ruhusa ikipatikana. Filamu ina Kidiola na Kifaransa. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza au Kifaransa, na mkulima wa Kilwa au Kalemie hayamfai. Hapa sisi tuna hazina ambayo watu wa sinema za kisomi hawaitambui ipasavyo. Kwa miaka mingi vibanda umiza vya Tanzania, yaani kumbi ndogo za kuonyeshea video, vimekuwa na wasimuliaji wanaoitafsiri filamu papo hapo, na Lufufu alijipatia jina kubwa kwa kazi hiyo. Kenya wana DJ Afro, na Uganda wana wasimuliaji wao wanaojaza kumbi. Kazi hiyo imezoeleka kwenye filamu za mapigano, lakini hakuna kinachoizuia kuhamia kwenye filamu kama hii. Tena ingekuwa karibu sana na nia ya mwenye kazi. Sembène alianza kama mwandishi wa riwaya, akaacha kuitegemea kalamu peke yake baada ya kuona kwamba watu aliowaandika hawakuweza kumsoma. Alikwenda Moscow kusomea sinema alipokaribia umri wa miaka 40, na baadaye alikuwa akizichukua filamu zake hadi vijijini, akizionyesha na kujadiliana na watu usiku. Kwake sinema ilikuwa shule ya jioni.

Msimuliaji wa Emitaï atahitaji maandalizi tofauti na yale ya filamu ya Jet Li. Mabishano ya wazee lazima yatafsiriwe kwa utulivu, kila mzee na hoja yake, bila kumfanya yeyote kichekesho. Tukio la nyota linahitaji maelezo mafupi kabla ya kuanza: Pétain ni nani, de Gaulle ni nani, kwa nini mmoja ana nyota saba na mwingine mbili. Wanawake wakiwa juani, msimuliaji anyamaze kabisa, hata kama ukumbi unamtaka azungumze.

Na ipo filamu ya kuiweka kando yake, ambayo haihitaji msimuliaji kwa sehemu kubwa. Mwaka 2024, katika tamasha la Berlin, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza The Empty Grave, filamu ya hali halisi ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay. Inafuatilia familia za Tanzania zinazotafuta mabaki ya wazee wao waliouawa wakati wa utawala wa Wajerumani na kupelekwa Ujerumani. Moja ni familia ya Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 baada ya kushiriki Maji Maji na ambaye inaaminika kichwa chake kilichukuliwa. Novemba 1, 2023, rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha. Filamu hii mpya inaonyesha kinachofuata baada ya skrini ya Sembène kuwa nyeusi: kwamba waliopigwa risasi na kunyongwa wana wajukuu, na wajukuu hao wanaandika barua, wanapanda ndege, wanafungua majalada.

Watanzania wengi tumeijua Maji Maji kwa njia ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, kuliko kwa picha zinazotembea. Songea kuna makumbusho ya vita hivyo, na kila mwisho wa Februari watu hukusanyika kuwakumbuka walionyongwa. Kumbukumbu hizo tayari zina wazee, wanafunzi, ngoma na wageni rasmi. Kinachohitajika kuziongezea ni projekta, kitambaa cheupe, jenereta, ruhusa za maandishi kwa filamu mbili na msimuliaji mmoja aliyejiandaa vizuri. Ningeanza na Emitaï usiku wa kwanza, kwa sababu watu wataitazama Casamance na kuanza wenyewe kuizungumzia Matumbi. The Empty Grave ije usiku wa pili, mazungumzo yakiwa yameshashika moto. Maombi ya ruhusa yaandikwe mapema, kufikia Septemba, maana majibu ya wenye haki huchukua miezi.